Mpishi Asiyeonja

Mama Apolina tulimzika Fizi mwezi uliopita, kule juu kilimani, upande ambao ukisimama unaliona ziwa lote. Nilipanda na pikipiki kutoka Baraka, magoti yakinilalamikia njia nzima, maana sasa yananisaliti hata nikiwa nimekaa. Baada ya mazishi wanawake tuliketi kwenye mikeka nyuma ya nyumba, tukimenya ndizi za kupikia waombolezaji. Sifa, binti wa marehemu, ambaye siku hizi ni mama wa watoto watano, akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, akiniita yaya, yaani dada mkubwa: "Yaya Vumi, we ulikuwaka naye mu lile jiko mwaka muzima. Yale maneno ya sumu, nani alianzishaka?" Nikainamia ndizi yangu. Nikamjibu kwamba sijui. Mimi Vumilia, ambaye tangu nijue kusema sijawahi kuulizwa jambo nikakosa jibu! Nilirudi Baraka na hilo neno "sijui" limenikaa kooni, na ndiyo sababu ninaandika. Habari za ukoo wangu sitazitia hapa, wala namna tulivyovuka ziwa kwenda Tanzania na namna tulivyorudi. Hizo kila mtu wa huku anazo zake. Nataka kusimulia mwaka mmoja tu, niliokuwa na miaka ishirini na minne na mdomo usio na mlango.

Mwaka huo nilipata kazi ya jikoni katika nyumba ya wageni, pale Baraka, si mbali na ziwa. Nyumba ilikuwa na vyumba vinane na sebule ndefu yenye meza moja kubwa, nzito kiasi kwamba hakuna aliyewahi kuisogeza ili kufagia chini yake. Jiko lilikuwa nyuma, peke yake, la matofali ya kuchoma na bati, na moshi ulikuwa umezipaka kuta weusi unaong'aa. Ndani mlikuwa na mbabula tatu, majiko madogo ya kuwashia makala, yaani makaa, kapu la mikate lililoning'inizwa ili panya wasilifikie, na vigoda viwili. Kimoja kilikuwa cha Mama Apolina, na hakuna aliyekikalia hata akiwa amesafiri. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mpana, kikwembe kimekazwa chini ya kwapa, na hakupenda maneno. Siku ya kwanza aliniambia, "Nawa mikono. Kaa." Nilinawa, nikakaa, lakini kunyamaza ndiko kulikonishinda. Kwa nini samaki apakwe ndimu kabla ya chumvi? Kwa nini sombe, majani ya muhogo, isifunikwe inapochemka? Kwa nini makala ya mti huu yarushe cheche na ya mti ule yasirushe? Baada ya saa moja akaweka kisu chini akanitazama. "We mutoto," akasema, "unauliza sawa vile polisi." Lakini alinijibu yote, moja moja, na nikajua kwamba hapo nitakaa.

Siku ya siku ilikuwa Jumapili. Misa ya kwanza ya Wakatoliki ilipokwisha, na Waprotestanti wa jirani wakiwa bado kwenye nyimbo zao, sebule ilianza kujaa: wageni waliolala, madereva, wanunuzi wa samaki kutoka Uvira, walimu, na watu wa mtaani waliotaka waonwe wakikaa kwenye ile meza. Tuliiita chai ya saa nne, ingawa watu walishiba mpaka jioni. Kilichowaleta kilikuwa kitu kimoja, mkate wa mayai. Mama Apolina alinunua mikate siku ya Alhamisi, akaitia kapuni ikae mpaka Jumamosi, ikauke, ukiigonga mezani ilie. "Mukate ya leo haijue kunywa," alinifundisha. "Ya jana, kidogo. Ya juzi njo iko na kiu." Aliikata vipande vya unene wa vidole viwili, akavipanga katika sufuria pana iliyopakwa siagi, vimesimama na kuegemeana, na katikati yake akachomeka ndizi mbivu. Maziwa yalishuka kwa bidoni, madumu ya plastiki, kutoka Bibokoboko njia ya juu ilipokuwa salama, mazito, yana harufu ya moshi. Ilipokuwa si salama tulikoroga ya unga. Sukari glasi moja na nusu, mdalasini uliovuka ziwa kutoka Kigoma, na mayai ishirini yaliyopigwa mpaka mkono ufe ganzi. Alivimwagia vile vipande mchanganyiko huo taratibu, akavifunika kwa sahani, juu ya sahani akaweka jiwe safi ili mkate usielee, tukauacha unywe mpaka kesho yake.

Jumapili asubuhi palikuwa na makala kidogo chini ya sufuria na makala mengi juu ya mfuniko, na kufunua hakuna. Nilifunua mara moja, kwa kutaka kujua tu, nikapigwa kofi la mkono ambalo ningali nalikumbuka. Mama Apolina alijua mkate umeiva kwa sikio. Aliinama karibu na sufuria, kichwa upande, amefumba macho, nami nikainama upande wa pili. Mwanzoni unasikia maji yanachemka. Baadaye sauti inakuwa nzito, inachelewa, halafu inanyamaza. "Ikinyamaza, soma Baba Yetu tatu," alisema, "kiisha utoe." Ulitoka umevimba, juu rangi ya kahawia na ndani laini, sukari imeganda pembeni, na harufu yake ilifika barabarani ikawavuta hata waliokuwa wanakwenda kwao. Nimeshapika mkate huo mara nyingi tangu hapo na sijawahi kutumia saa. Ni Baba Yetu tatu, na zisomwe bila haraka.

Ilinichukua wiki sita kuona jambo nililopaswa kuliona siku ya kwanza. Mama Apolina alionja kila chakula kwa namna moja: alidondosha tone kwenye kiganja cha kushoto, akalamba, akafumba macho, akaamua. Sombe alionja, maharage, mchuzi wa samaki wa mikeke, hata maji ya chai. Mkate wa mayai hakuuonja hata siku moja. Mchanganyiko ukimrukia kidole hakukilamba; alikifuta, akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Ule ukoko wa sukari uliobaki kwenye sufuria tuligawana mimi na mlinzi, tukigombana, na yeye akala kiporo chake cha bugali kwa utulivu kabisa. Nikamuuliza, "Mama, juu ya nini hauionje?" Akasema anajua inavyokuwa. "Unajua namna gani, na haujawahi kuitia mu kinywa?" Akanitazama. "Na we unajua kesho itakuwa namna gani? Si unalala tu? Chambua mchele."

Mchele nilichambua, lakini akili haikuwa kwenye mchele. Niliamini kwamba kila jambo lina mlango, ukiuzunguka ukuta utaufikia. Nilidhani ni ugonjwa wa sukari, nikamhesabia vijiko anavyotia kwenye chai, vikawa vitatu. Nilidhani ni nadhiri ya Kwaresima, Kwaresima ikapita. Nilidhani mkate ule unamkumbusha sista mmoja mzee wa kizungu aliyemfundisha kuupika zamani, kabla ya vita, lakini kila alipomtaja alicheka. Basi nikaanza kuuliza watu. Nilimuuliza mlinzi, nikamuuliza mama aliyetuletea mayai, na siku moja sokoni nikamuuliza Mama Bitondo aliyekuwa akiuza sabuni za kukata, mwanamke ambaye ukimwambia jambo asubuhi, mchana linakusalimu barabarani. Nilimwambia, "Ule mukate bantu banaugombania, mwenyewe haonjake." Mama Bitondo alikuwa ameshika kisu juu ya mche wa sabuni. Mkono wake ukasimama. "Haonje? Hata kidogo?" "Hata kidogo," nikasema, na nilisema kwa furaha, maana nilidhani nimepata mwenzangu wa kuchunguza. Sikuwa na nia mbaya. Naomba hilo liaminiwe, ingawa najua halisaidii kitu. Ulimi hauna mfupa, lakini nimeona ukivunja.

Asiyetoka kwetu nimweleze. Huku mtu akikukaribisha, yeye ndiye huonja kwanza, mbele ya macho yako. Akikupa pombe hunywa funda la kwanza, akikupa maji ya mtungi hivyo hivyo. Si adabu tu. Watu wanaogopa karuho, ile sumu ya kuwekewa chakulani ambayo wanasema huua kidogo kidogo, na ukizika ndugu yako kwa ugonjwa usiojulikana, utawakumbuka wote uliowahi kula kwao. Kwa hiyo ukisema kwamba mpishi haonji chakula chake mwenyewe, na chakula hicho ni kimoja tu kati ya vyote, huna haja ya kuongeza neno. Wengine watakuongezea. Mimi niliyajua haya yote. Nilikuwa mtu mzima, nimezaliwa huku. Lakini katika uchunguzi wangu wote hayakunipitia kichwani hata mara moja, kwa sababu nilimjua Mama Apolina, na mtu unayemjua humfikirii hivyo.

Jumapili moja ya mvua alikuwa amelala kwetu mtu mzito kutoka Bukavu, mwenye tumbo na kalamu mbili mfukoni. Saa nne akakaa kwenye meza pamoja na wengine. Mama Apolina akaleta sufuria mwenyewe, kama kawaida, akaufunua mkate, mvuke ukapanda, watu wakasema "Eeeh!" Alipoanza kukata, yule bwana akainua mkono akitabasamu. "Mama, utusamehe. Onja kwanza, sawa vile desturi." Nikaona watu wa mtaani wakitazamana, nikajua kwamba si yeye aliyelianzisha neno hilo, amepewa. Mama Apolina alibaki na kisu mkononi. "Hii mi sionjake," akasema, pole kabisa. Mvua ilipiga bati. Nikaruka kutoka mlangoni, nikachota kipande kwa mkono, nikakitia kinywani kingali moto, ulimi ukababuka, nikatafuna huku machozi yakinitoka. "Munaona? Tamu!" nikasema. Mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake, na alinong'ona ili nisikie: "Ule ni wake. Alishamupatia dawa ya kuzuia." Yule bwana akasukuma sahani yake taratibu. Alisema atakunywa chai tu, halafu akaitazama na chai.

Msimamizi wa nyumba, Simon, kijana wa Uvira aliyejua kuandika barua nzuri, alimwita Mama Apolina barazani, nami nikajibanza nyuma ya dirisha la sebule. Alisema kwa heshima, akimwita mama kila baada ya maneno matatu, lakini alichosema kilikuwa kimoja: Jumapili ijayo aonje mbele ya watu, la sivyo apumzike nyumbani. Mama Apolina akasema, "Nimesikia, mwanangu." Akarudi jikoni, akaumwaga mkate ambao hakuna aliyeugusa ila mimi, akaosha sufuria. Siku ile hata mlinzi hakutaka ukoko.

Kama ingekuwa kazi tu, nadhani angeondoka. Alikuwa na shamba lake Fizi, na majivuno yake yalimtosha. Lakini Sifa alikuwa na mchumba. Wazee wa kijana walikuwa wamepanga kuja mwezi ule kwa kikao cha mahari, na Jumanne asubuhi wakamtuma shangazi wa kijana, mwanamke mrefu, mpole, mwenye miwani, aje aseme kwamba watakuja, ndiyo, ila hawatakula. Hakukaa. Alisema akiwa amesimama mlangoni mwa jiko, akaaga. Kwetu watu wakija kuchumbia wakakataa chakula cha nyumba hiyo, hakuna ndoa hapo, wamekuja kuaga. Na jina la sumu halimkai mtu mmoja. Likishampata mama linashuka kwa watoto na kwa watoto wa watoto, na likiingia halina dawa.

Jumatano Sifa alikuja mbio, macho mekundu. Walikaa nyuma ya jiko, penye magogo, na mimi nilikuwa ndani nachambua maharage. Safari hii sikujificha. Walijua nipo, walisahau tu. "Mama, uwaambie!" Sifa alilia. "Sema kama mu ukoo wenu wanamuke habakulake mayai. Sema tu!" Nikaacha maharage. Mayai! Miezi minane naizunguka nyumba nikitafuta mlango, na mlango ulikuwa kwenye trei, naubeba kila Jumamosi. Mama Apolina akasema, "Niseme mbele ya bale balisoma? Batacheka. Kiisha batasema nimetafuta sababu." Sifa akamwambia basi ale, mayai yanaliwa na kila mwanamke siku hizi, hata mke wa mchungaji, mambo hayo ni ya zamani. "Mama yangu aliniambiaka," akasema Mama Apolina, "mwanamuke akikula yai, anazika batoto yake. Mu vita nilikimbia na banyinyi bane. Mumoja ku mugongo, mumoja ku tumbo, babili ku mikono. Tulilala mu pori, tulivuka ziwa. Bamama balizika batoto ku njia, nilibaona na macho yangu, balikuwa bamama bazuri kunipita. Mi sikuzika hata mumoja. Sijue kama ni Mungu, sijue kama ni yai. Sasa nijaribu juu ya nini?" Mimi kule ndani, kwa mara ya kwanza mwaka ule, sikuwa na swali.

Nilikwenda kwa Simon nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza vizuri, hakucheka, akasema tatizo si yeye. "Vumilia, mtu mwenye sumu naye atakuwa na mwiko wake tayari. Watu wataamini kipi?" Ijumaa nikapata wazo jingine: nitaupika mkate bila mayai, kwa maziwa na ndizi nyingi, Mama aonje huo, nani atajua? Nilipoufunua ulikuwa umelegea, umekaa kama uji wa mgonjwa. Mama Apolina akauchungulia. "Nikule uji, niseme ni mukate?" akasema. "Sasa njo utanifanya mwenye kudanganya bantu na chakula. Si njo ile banasema?" Akawapa kuku wa jirani. Nami nilisimama pale na kijiko, mjinga kabisa.

Jumamosi tulikaa kwenye vigoda vyetu, yeye akipanga vipande, mimi nikipiga mayai ishirini, nikashindwa kuvumilia. "Mama, ni mimi," nikasema. "Ni mimi nilisema ku soko. Nilimuuliza Mama Bitondo, nilitaka tu kujua." Nililia mpaka nikaogopa machozi yataingia kwenye bakuli. Yeye aliendelea kupanga. "Nilijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Bitondo aliniambia mu macho, na jina lako." Nikamuuliza kwa nini hakunifukuza, na kwa nini hakumwambia Sifa. Akachomeka ndizi, akapima nafasi kwa kidole, akachomeka nyingine. "Sifa iko na hasira ya baba yake. Angekupiga, na mi ningekosa mukono ya kunisaidia. Piga mayai, yanalala." Hakusema amenisamehe. Hakusema lolote zaidi, na hata leo nikiwa na watu wa kunihurumia nalikumbuka lile jibu nanyamaza.

Jumapili sebule ilijaa kuliko Pasaka. Mvua ilikuwa imekatika. Waliokuja kula walikuwa wachache. Wengi walikuja kuona, na Mama Bitondo alikuwa amepata kiti. Shangazi wa mchumba alikaa mwisho wa meza, mkoba mapajani. Mama Apolina aliingia na sufuria, akaiweka katikati, kisha akafanya jambo ambalo mpishi hakuwahi kulifanya pale. Alivuta kiti, akakaa mezani na wageni. Akafunua. Hakukata pembeni kwenye ukoko mwingi. Alikata katikati kabisa, pale penye yai zito, kipande kikubwa cha mtu mwenye njaa. Akafanya ishara ya msalaba. Kijiko kikagonga sahani, watu wakakisikia. Akatia kinywani. Alitafuna akiwa amefumba macho, vilevile alivyokuwa akionja sombe, akameza, akachukua tena, akameza, mpaka sahani ikabaki nyeupe. Akafumbua macho akawatazama mmoja mmoja.

"Inakosa chumvi," akasema. "Miaka yote hii, na hakuna hata mumoja aliniambiaka."

Kwanza alicheka dereva mmoja, kisha meza nzima ikacheka, kicheko cha watu walioona aibu, kikubwa kuliko jambo lenyewe. Shangazi wa mchumba ndiye aliyenyoosha sahani yake wa kwanza. Alikula, akaomba nyongeza, akamwambia Mama Apolina kwamba siku ya kikao wapike na huu, wazee wao wanapenda vitu laini. Mpaka misa ya pili inakwisha sufuria ilikuwa imekwanguliwa. Mama Bitondo alikula vipande vitatu, Mungu anamwona. Mimi nilikuwa nimekula ule mkate Jumapili nyingi mno, na sikuwahi kuona chumvi ikikosa. Nilipogeuka kumtafuta Mama Apolina nimuulize, kiti chake kilikuwa kitupu.

Nilimkuta jikoni, juu ya kigoda chake, amejishika tumbo kwa mikono miwili. Nikadhani anaumwa. "Simu yako iko na initi?" akauliza. Nilikuwa na salio kidogo. Kabla sijaitoa Sifa akaingia kutoka kanisani, angali na sare ya kwaya, amesikia habari njiani na anacheka na kulia kwa pamoja. Mama yake akamshika uso kwa viganja viwili, akamgeuza huku na huku, akamtazama ndani ya macho kama muuguzi, akamwambia aende nyumbani alale, asipande pikipiki leo, asikaribie ziwa. Sifa akaondoka akidhani ni furaha. Kisha tukampigia Neema, aliyeolewa Uvira. "Uko muzima? Na tumbo haiume? Haya, basi." Tukampigia Asende, aliyebaki kambini Tanzania. "Uko muzima? Haya, basi." Wa nne alikuwa Wilondja, kifungua mimba, aliyekuwa akichimba dhahabu Lulimba. Simu iliita mpaka ikachoka. Tukapiga tena, ikaita, hakuna aliyepokea.

Sitasahau mchana ule. Makala yalizimika, hatukuongeza. Kila baada ya muda alisema, "Jaribu," nikajaribu. Hakulia, hakuomba kwa sauti. Alitazama tu ile simu juu ya goti langu. Mimi nilifikiria mashimo ya Lulimba, namna yanavyobomoka mvua ikinyesha juma zima, na nikafikiria yule mama yake Mama Apolina, ambaye sikumjua, na maneno yake. Nilitamani kumwambia ni bahati mbaya ya mtandao, kwamba yai ni yai, kwamba nimekula mayai maisha yangu yote. Lakini mimi wakati ule sikuwa na mtoto. Ningesema nini? Ilikuwa inakaribia saa kumi simu ilipolia yenyewe. Nikaibonyeza sauti ya nje, nikaishika kati yetu.

"Mama! Nilikuwa mu shimo, simu nilibakisha ku juu. Kuko nini? Umenipigia mara kumi na moja."

"Uko muzima?"

"Niko muzima. Kuko nini?"

Mama Apolina alinitazama, akaitazama simu. "Hakuna kitu," akasema. "Nilikula yai."

Nilisikia upepo, na watu wakigonga mawe mbali.

"Yai? We, mama?"

"Mi."

"Ilikuwa tamu?" akauliza Wilondja.

Mama Apolina alichukua ncha ya kikwembe akajifuta uso, akakiacha hapo hapo, kimemfunika macho.

"Tamu, mutoto wangu," akasema. "Tamu sana. Kumbe miaka yote nilikuwa nabapikia bantu kitu tamu vile."